Andiko Lililokataliwa: Shule Binafsi, Wafadhili na Mradi wa Kupima Hewa

Shule inayochambuliwa hapa nimeiunda kutokana na mambo yanayojirudia katika shule nyingi, ili tuipekue kwa uhuru bila kumvunjia mtu heshima. Ni sekondari binafsi ya kutwa yenye wanafunzi 480. Inaendeshwa kwa ada, na mmiliki wake ni kampuni iliyosajiliwa kibiashara. Ina maabara za fizikia, kemia na baiolojia, pamoja na chumba cha kompyuta. Mitihani ya vitendo hufanyika humo kila mwaka na matokeo huwa mazuri. Hata hivyo, muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu ni lini alitengeneza kitu kwa mikono yake, kikagoma, akatafuta chanzo cha ubovu na kukifufua mwenyewe. Hatakuwa na jibu.

Walimu wawili, wa fizikia na wa kompyuta, walitaka kuibadili hali hiyo. Wazo lilitoka kwa wanafunzi. Jioni magari hupanga foleni langoni kuwachukua watoto, injini zikiwa zinanguruma, na darasa moja likauliza: je, hewa tunayoivuta langoni saa hiyo ni sawa na ile ya uwanjani? Ni swali dogo lenye sifa zote za swali la kisayansi. Linapimika, jibu halimo kitabuni, na linamgusa anayeuliza. Walimu wakapendekeza wanafunzi waunde vituo 12 vya kupima vumbi laini hewani, lile linaloitwa PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Vituo hivyo vingewekwa langoni, uwanjani, madarasani, na baadaye nje ya shule.

Uongozi ukalipokea wazo kwa furaha, ukalikuza. Andiko la kuomba fedha lilipofika kwa wafadhili, swali la langoni lilikuwa limesukumwa hadi ukurasa wa tisa, na ukurasa wa kwanza ulizungumzia kituo cha kisasa cha ubunifu chenye mashine ya kukatia kwa leza, printa nne za 3D, miwani ya uhalisia pepe na roboti 30. Katika kila 100 za bajeti, 82 zilikuwa za mashine, 10 za samani na rangi ya chumba, 5 za mabango na sherehe ya uzinduzi, na 3 za mafunzo. Muda wa mwalimu haukutajwa popote. Vipuri navyo havikutajwa.

Maombi yalikwenda sehemu tatu. Taasisi moja inayotoa ruzuku ilijibu kwamba haiwezi kuifadhili shule inayogawa faida kwa wamiliki. Mfuko wa kampuni moja ulijibu kwa swali: "Wazazi wenu wanalipa ada, kwa nini sisi tuwalipie?" Wa tatu, muuzaji wa vifaa vya elimu, alijitolea kutoa roboti 30 bure, kwa sharti kwamba kuanzia mwaka wa pili shule ilipie leseni ya programu ya kuziendesha.

Majibu yote matatu yana mantiki, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Shule nyingi hupokea majibu ya aina hii, zikahitimisha kwamba wafadhili hawazipendi shule binafsi, na mambo yakaishia hapo. Mimi naamini andiko lenyewe ndilo lililokuwa na ubovu, na kwamba ubovu huo ungeuangusha mradi hata kama fedha zote zingepatikana siku ya kwanza.

Swali la "kwa nini ninyi?"

Shule binafsi haina budi kuanza na swali hili kwa sababu mfadhili naye analianza. Kuna milango ambayo imefungwa kwake tangu mwanzo. Mfano unaojulikana ni DonorsChoose, mpango ulioanzishwa mwaka 2000 na mwalimu Charles Best huko Bronx, New York, ambako watu wa kawaida huchangia miradi ya madarasa. Walengwa ni walimu wa shule za umma. Mwalimu wa shule binafsi anaweza kuwa na wazo bora kuliko yote na bado asiwe na nafasi.

Lakini historia inaonyesha pia upande wa pili. Mwaka 1955 makampuni makubwa ya viwanda nchini Uingereza yaliungana kuanzisha mfuko wa kujenga na kuboresha maabara za sayansi, na walengwa walikuwa hasa shule binafsi pamoja na zile zilizopata ruzuku moja kwa moja kutoka serikalini. Zilitolewa zaidi ya pauni milioni 3. Makampuni hayakufanya hivyo kwa kuwaonea huruma watoto wa wenye nacho. Yalihitaji wanasayansi na wahandisi, na yaliona kwamba sehemu kubwa ya vijana ambao wangeweza kuwa wahandisi wanasoma katika shule ambazo fedha za umma za ujenzi haziwafikii. Sababu ilikuwa wazi kwa pande zote mbili.

Kwa hiyo shule yetu ilipoulizwa "kwa nini tuwalipie?", haikupaswa kujibu kwa kueleza jinsi ada zisivyotosha. Kila shule ina upungufu, na upungufu haujawa hoja. Jibu lenye uzito lilikuwa tayari mikononi mwake ila hakuna aliyeliona: vumbi la langoni haliishii ukutani mwa shule. Mita chache kutoka hapo kuna shule ya msingi ya umma ambayo watoto wake hupita langoni hapo kila jioni. Kama vituo vinne kati ya 12 vingewekwa kwenye shule hiyo, watoto wake wakashiriki kuviunda na kusoma takwimu zake, mfadhili angekuwa analipia kitu kinachowafaa watu wengi, huku shule binafsi ikiwa mwenyeji mwenye chumba, umeme na mwalimu.

Wapo watakaoona kwamba huku ni kuwapamba majirani ili kupata fedha. Hatari hiyo ni ya kweli. Nimeona maandiko yanayowataja "wanajamii" mara ishirini bila kuwapangia hata nauli. Dawa yake ni bajeti. Ushirikiano usio na fungu lake katika bajeti haupo, hata uandikwe kwa lugha tamu kiasi gani. Katika andiko la pili la shule hii, 5 kati ya kila 100 zilitengwa kwa ajili ya usafiri na vifaa vya wanafunzi wa shule jirani, na mwalimu mmoja wa shule hiyo akaandikwa kwa cheo chake kama msimamizi mwenza. Sehemu ni ndogo, lakini mkaguzi anaweza kuifuatilia.

Suala la kisheria lilikuwa gumu zaidi. Taasisi nyingi za ruzuku zinafungwa na katiba zao au sheria za nchi zao zisitoe fedha kwa chombo kinachogawa faida, na hapo ubora wa wazo hausaidii kitu. Shule ina njia chache za halali. Inaweza kuacha chombo kisicho cha faida kiwe mwombaji mkuu, kama vile chuo kikuu, chama cha walimu wa sayansi au umoja wa wazazi uliosajiliwa wenyewe wenye akaunti yake na wakaguzi wake. Au inaweza kwenda kwa kampuni kuomba udhamini wa kibiashara, ambao ni mkataba wa aina nyingine kabisa: kampuni inalipa ili ionekane, na shule inadaiwa kuionyesha. Kosa kubwa ni kuyachanganya haya mawili, kuomba ruzuku kwa lugha ya udhamini, au kupokea udhamini kisha kushangaa nembo ya kampuni inapotakiwa kubandikwa kwenye kila meza.

Shule yetu ilichagua umoja wa wazazi. Ilichukua muda, kwa sababu mmiliki alihofia kuwa na akaunti asiyoisimamia ndani ya uzio wake. Hofu hiyo naielewa. Lakini hiyo ndiyo maana ya ruzuku: fedha inayokuja bila kuwa mali ya mwenye shule.

Mahali mradi unapofia

Sasa nifike kwenye jambo lililo kiini cha kisa hiki. Miradi ya sayansi kwa vitendo haifi mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza kuna vifaa vipya, kuna hamasa, na mgeni rasmi anakuja. Mradi hufa mwaka wa pili, kimyakimya, kwa sababu kifaa kimoja kimekufa na hakuna fungu la kununua kingine, na mwalimu aliyekuwa akikesha nao amerudishiwa vipindi vyake vyote.

Chukua kihisi chenyewe cha vumbi. Vihisi vya bei nafuu vinavyotumika sana mashuleni hufanya kazi kwa mwanga wa leza: feni ndogo huvuta hewa, chembe hupita mbele ya leza, na mwanga unaotawanyika hupimwa. Mojawapo ya vinavyojulikana sana, SDS011, kimeelezwa na watengenezaji wake kuwa na umri wa kazi wa hadi saa 8,000. Mwaka mmoja una saa 8,760. Maana yake ni kwamba kituo kikiwashwa mfululizo siku ya uzinduzi, kihisi kitafika mwisho wa umri wake kabla ya kumbukumbu ya mwaka wa kwanza. Andiko la kwanza lilikuwa na vihisi 12 kwa vituo 12, bila hata kimoja cha akiba.

Hapa ndipo sayansi yenyewe inapotoa jibu la fedha. Kihisi kikiamshwa kwa dakika moja tu katika kila dakika tano, kinafanya kazi saa 1,752 kwa mwaka, na umri wake unafika karibu miaka minne na nusu. Inabidi sekunde 30 za kwanza baada ya kuamka zitupwe, kwa sababu feni na usomaji bado havijatulia. Kuandika programu ya kukiamsha na kukilaza ni kazi inayofaa kabisa mwanafunzi wa miaka kumi na mitano. Hesabu ya muda wa kihisi inakuwa somo, na somo linaokoa bajeti. Nashangaa ni maandiko mangapi yanaiacha nafasi ya namna hii ipite.

Kuna mtego mwingine. Hewa inapokuwa na unyevu mwingi, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kihisi cha aina hii husoma juu kuliko ukweli. Mwanafunzi asiyejua hilo ataona vumbi limepanda asubuhi yenye ukungu na kutangaza kwamba hewa ni chafu. Kwa hiyo kila kituo kinahitaji pia kihisi cha unyevu na joto, na kabla ya kusambazwa vituo vyote vinapaswa kuwekwa pamoja kwa wiki kadhaa kando ya mtambo wa kupimia unaoaminika, wa chuo kikuu au wa mamlaka ya mazingira, ili tofauti zake zijulikane. Shughuli hii haigharimu mashine yoyote. Inagharimu barua, uhusiano mzuri na safari chache. Ndiyo iliyoupa mradi heshima kuliko printa zote nne za 3D, kwa kuwa baada ya hapo namba za wanafunzi zingeweza kulinganishwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kwa PM2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na kile cha saa 24 kutoka 25 hadi 15. Watoto waliokuwa wakiuliza habari za langoni sasa wana kipimo cha kulinganisha.

Kuhusu mashine kubwa, maoni yangu ni makali kidogo. Mtafiti Paulo Blikstein, aliyeanzisha mpango wa karakana za kidijitali mashuleni akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, ameeleza jambo aliloliona kwenye karakana ya wanafunzi: walipogundua kwamba mashine ya leza inatoa vishikizo vya funguo vizuri kwa dakika chache, waliendelea kutengeneza vishikizo vya funguo. Kitu kilikuwa kinapendeza, juhudi ilikuwa ndogo, na hakukuwa na sababu ya kusonga mbele. Mashine yenye nguvu bila swali lenye nguvu huzaa mapambo. Na mashine ya leza ina madai yake: inahitaji mfumo wa kutoa moshi nje, inahitaji mtu wa kuisimamia muda wote, na kipande cha plastiki ya PVC kikiingizwa humo kwa bahati mbaya hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kuila mashine yenyewe. Kwa shule inayoanza, niliona sahihi kuiondoa. Printa ya 3D ilibaki moja, ya kutengenezea maganda ya vituo.

Miwani ya uhalisia pepe iliondolewa bila mjadala mrefu.

Saa za mwalimu

Mkuu wa shule alipoonyeshwa bajeti mpya, alisita kwenye mstari mmoja. "Mwalimu, hapa unaomba robo ya fedha yote kwa ajili ya muda. Wafadhili hawalipi mishahara."

"Ni kweli, Mkuu, wengi hawalipi," akajibu mwalimu wa fizikia. "Basi tuulipe sisi, lakini tuuandike."

Jibu hilo ndilo lililouokoa mradi. Mwalimu wa fizikia alikuwa na mzigo kamili wa vipindi. Mradi wa vituo 12 unahitaji kuandaa vifaa kabla ya somo, kupima betri, kusoma daftari za wanafunzi, kuzungumza na chuo kikuu na kurekebisha kilichovunjika. Kazi hiyo ikiachwa kwenye jioni na Jumamosi za mtu mmoja mwenye moyo, mradi unakuwa umejengwa juu ya afya yake. Akiugua, akihama au akichoka, unakwisha. Shule ilikubali kumpunguzia vipindi vinne kwa wiki na kumwongezea fundi sanifu wa maabara saa za kazi. Thamani ya saa hizo ilikokotolewa kutoka kwenye mishahara halisi na kuandikwa kama mchango wa shule. Chumba, umeme na intaneti navyo vikathaminiwa na kuandikwa. Mfadhili aliyekuwa ameuliza "kwa nini tuwalipie?" sasa aliona shule inabeba karibu theluthi moja ya gharama yote, na ni ile theluthi ambayo yeye asingeweza kuigharamia.

Nasisitiza hili kwa sababu historia ya Uingereza niliyoitaja ina mwendelezo wake. Maabara zilijengwa kuanzia mwaka 1955. Mwaka 1962 taasisi nyingine, Nuffield Foundation, ikatenga pauni 250,000 kuanzisha mradi wa kuandaa namna mpya ya kufundisha sayansi, yaani miongozo, majaribio mapya na walimu wa kuyajaribu darasani. Majengo na mashine vilikuwa na wafadhili wake, na ufundishaji ukahitaji wake. Hata mpango wa One Laptop per Child, wa kumpatia kila mtoto kompyuta yake, uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005, ulikutana na ukuta huohuo. Utafiti uliofanywa katika shule 319 za vijijini nchini Peru na kutolewa mwaka 2012 haukuona ushahidi wa kuongezeka kwa alama za hisabati wala lugha, ingawa kompyuta zilikuwa zimefika kwa wingi. Kifaa kinapofika bila mtu aliyepewa muda wa kukitumia na watoto, kinabaki kifaa.

Andiko la pili liligawa kila 100 hivi, kwa miaka mitatu: vifaa vya kudumu 30, muda wa mwalimu na fundi 25, vifaa vinavyotumika na kuisha pamoja na vipuri 22, mafunzo na ulinganishaji wa vipimo 8, usalama 7, shule jirani 5, na dharura 3. Fungu la usalama liliwashangaza wajumbe wa bodi. Lakini moshi unaotoka wakati wa kuchomelea sehemu za kielektroniki kwa waya wa risasi hutokana hasa na dawa ya utomvu iliyomo ndani ya waya, na dawa hiyo inajulikana kuchochea pumu. Mradi wa kupima ubora wa hewa unaomtia mtoto pumu ungekuwa aibu isiyosemeka. Fungu hilo likanunua feni za kuvuta moshi, miwani ya kukinga macho, na sanduku la chuma la kuchajia betri za lithiamu.

Zawadi ya roboti 30

Yule muuzaji aliyejitolea roboti alikuwa bado anasubiri jibu. Bodi ya shule ilitaka kupokea. Roboti 30 ni 30, na picha zake zingependeza kwenye tangazo la udahili. Walimu walitaka kukataa.

Nilivyoona, pande zote zilikosea kidogo. Msaada wa vifaa si mbaya kwa kuwa ni vifaa. Unakuwa mbaya pale unapoipa shule deni ambalo halikuandikwa. Maswali ya kumuuliza mtoaji ni machache. Programu inafanya kazi bila leseni? Betri na mota zinapatikana kwa wauzaji wengine? Mwanafunzi anaweza kukifungua kifaa na kuona ndani? Kwa roboti hizi majibu yote yalikuwa hapana. Linganisha na Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu, iliyobuniwa mwaka 2005 huko Ivrea nchini Italia, ambayo michoro yake iko wazi na yeyote anaweza kuitengeneza. Au micro:bit, kompyuta ndogo ya kujifunzia ambayo BBC na washirika wake waliisambaza bure mwaka 2016 wakilenga kuwafikia wanafunzi hadi milioni moja nchini Uingereza. Kuna Scratch pia, lugha ya programu iliyotolewa bure na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Vitu hivi vikiharibika, vipuri vinapatikana kwa wauzaji wengi, na maarifa yake hayapotei muuzaji mmoja akifunga duka.

Shule ilimwandikia muuzaji barua ya shukrani, ikamwomba abadilishe zawadi: badala ya roboti 30, bodi 40 za kielektroniki zilizo wazi, vihisi vya akiba 24, na siku mbili za fundi wake kuwafundisha walimu wa shule zote mbili. Alikubali bodi na vihisi, akakataa fundi. Bado ilikuwa zawadi nzuri kuliko ile ya kwanza, na ilimaliza tatizo la vihisi vya akiba kwa miaka miwili ya mwanzo.

Bodi ya shule ilikuwa imependekeza pia fedha zielekezwe kwenye mashindano ya roboti. Mashindano yana nguvu yake. Mvumbuzi Dean Kamen alianzisha FIRST, shirika la mashindano ya roboti kwa vijana, mwaka 1989, mashindano yake ya kwanza yakafanyika mwaka 1992, na tangu hapo yamewavuta vijana wengi sana kwenye uhandisi. Wadhamini huyapenda kwa sababu yanaonekana. Wasiwasi wangu ni wa hesabu. Ada ya ushiriki, seti ya vifaa na safari hurudi kila mwaka, na timu huwa na watoto wachache. Shule yenye wanafunzi 480 ikitumia fedha zake zote kuipeleka timu ya wanafunzi 12 mashindanoni, imewanunulia 468 nafasi ya kushangilia. Baada ya karakana kusimama, mashindano yana nafasi yake.

Hilo linaleta jambo ambalo halikuwa kwenye andiko lolote: nani ndani ya shule anashiriki. Pendekezo la mwanzo lilikuwa mradi uwe klabu ya hiari yenye mchango wa ziada kutoka kwa wazazi. Watu husahau kwamba shule binafsi nayo ina watoto wanaosoma kwa msaada wa mjomba, kwa punguzo la ada au kwa mkopo wa mama. Mchango wa ziada ungewachuja kwanza hao. Walimu waliupeleka mradi ndani ya vipindi vya kawaida vya fizikia na kompyuta, kwa vikundi vya watu watatu watatu. Ndani ya kila kikundi majukumu yalizungushwa kila wiki, ili asiwepo mmoja wa kushika pasi ya kuchomelea siku zote na mwingine wa kuandika tu daftari. Mgawanyo huo wa kazi, ukiachwa ujiendeshe wenyewe, mara nyingi humwachia msichana upande wa daftari.

Kinachopimwa

Andiko la kwanza liliahidi kwamba "wanafunzi 480 watanufaika". Mfadhili mzoefu akisoma sentensi hiyo anajua kwamba hakuna aliyefikiria. La pili liliahidi mambo manne yanayoweza kukaguliwa: saa ambazo kila mwanafunzi ameshika kifaa kwa mikono yake mwenyewe katika muhula, idadi ya vituo vinavyotoa takwimu safi kila mwezi, daftari za majaribio zenye tarehe, na ubovu uliorekebishwa na wanafunzi bila msaada wa mwalimu. Kipimo hiki cha mwisho nakipenda kuliko vyote. Kwenye taarifa nyingi za miradi, kifaa kilichoharibika huandikwa kwenye safu ya hasara. Hapa kila kituo kilichozima kilikuwa nafasi ya kupima kama watoto wamejifunza, na orodha ya ubovu ikawa sehemu ya taarifa ya mafanikio.

Andiko la pili lilikwenda kwa wafadhili wawili. Mfuko wa kampuni ulikubali kulipia vifaa vya kudumu na fungu la shule jirani. Taasisi ya ruzuku, ikipitia umoja wa wazazi, ilikubali vifaa vinavyoisha, mafunzo na usalama kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu uliachwa mikononi mwa shule, na bodi ikaombwa iandike kwenye bajeti yake ya kawaida, kuanzia mwaka wa kwanza, mstari wa vipuri unaokua kidogo kidogo hadi ufikie gharama kamili mwaka huo wa tatu. Mhasibu alipinga kutenga fedha kwa kitu ambacho bado kina mfadhili. Akaelewa alipoonyeshwa kwamba mfadhili akiondoka ghafla, ongezeko lote lingeangukia mwaka mmoja wa ada.

Kipengele kimoja cha makubaliano kilichukua vikao vingi kuliko bajeti yote: vifaa ni mali ya nani? Kampuni inayomiliki shule inaweza kuuza shule, au kuifunga. Taasisi ya ruzuku haikuwa tayari kuona vihisi, printa na zana zikiingia kwenye orodha ya mali zinazouzwa. Walikubaliana hivi: vifaa vyote vilivyonunuliwa kwa ruzuku vinamilikiwa na umoja wa wazazi na kuorodheshwa kwa namba kwenye daftari lao. Shule inavitumia bila malipo kwa muda wote ambao mradi unaendelea. Shule ikiuzwa, ikifungwa, au mradi ukisimama kwa mihula miwili mfululizo, vinahamia shule ya msingi ya umma iliyo jirani, pamoja na miongozo na daftari za majaribio. Mmiliki alisaini wa mwisho.